UZI: Binti yangu aliuliza mamake kima yuko wapi, sasa natunga kima wetu wa City Park

Inama_TomMboya (mwanzilishi wa uzi)

Habari za jioni, wadau. Uzi ni mrefu, mwenye chai aimimine kwanza.

Mimi nauza vitabu vya inama hapa Nairobi, Tom Mboya Street, karibu na jumba la Nyaraka za Taifa. Kwa wasiojua, vitabu tunavitandaza chini juu ya turubai, na ukitaka kusoma jina la kitabu sharti uiname, ndipo jina likashika. Vingi vimeshatumika Uingereza na Marekani. Ukifungua unakuta jina la mtoto wa huko limeandikwa kwa penseli ya rangi, na mara nyingine doa la chakula ambacho sitaki kukijua.

Majuzi nilipata kwenye mzigo Curious George, kile cha kwanza kabisa, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1941. Ambao hamjakisoma: kuna mtu wa kofia ya manjano amekuja Afrika. Anamwona kima mdogo, anamtamani, anaiweka kofia chini. Kima anashuka mtini, anaivaa, inamziba macho. Mtu anamdaka, anamtia guniani. Kutoka hapo ni meli, mji mkubwa, kima anachezea simu mpaka wazima moto wanakuja mbio, anatiwa jela, anatoroka, anapaa na mabaluni, na mwisho anapelekwa bustani ya wanyama na kila mtu yuko sawa. Nimeuza kitabu hicho na wenzake mara nyingi sana. Watoto wanakipenda. Na mimi nakipenda, michoro yake haitulii.

Basi nikampelekea binti yangu wa miaka sita. Tukafika ukurasa wa gunia, akaweka kiganja juu yake.

"Baba, mamake yuko wapi?"

Nikasema pengine yuko mti wa pili, anatafuta chakula.

"Anajua mtoto ameenda?"

Nikajaribu kufungua ukurasa wa meli. Akakataa. Akasema tumngoje mamake kwanza. Tukamngoja, jamani, mpaka akasinzia.

Usiku wa pili nikamtungia wake. Anaitwa Shavu. Ni kima wa City Park, hapo Limuru Road, na hatoki Nairobi isipokuwa kwa kupenda kwake. Jina ni kwa sababu kima wana vifuko ndani ya mashavu. Akiona chakula hatafuni papo hapo, anajaza mashavu kwanza, anakimbia, halafu anakula mahali pa usalama. Shavu wangu anajaza kila kitu. Sarafu za makanga, kizibo cha soda, pete ya bwana harusi aliyekuja kupigwa picha, hata mbegu za mama mboga. Ukimuuliza swali hawezi kujibu maana mdomo umejaa. Binti anaanguka kicheko hapo kila siku.

Hadithi zimefika kumi na moja. Nimeziandika kwenye daftari la hesabu. Nikajipa moyo, nikapeleka tatu kwa mchapishaji mmoja hapa mjini. Mhariri alisoma mbele yangu, alicheka mara mbili (nilihesabu), akafunga daftari akauliza: "Funzo ni lipi?"

Nikamwambia funzo ni kwamba usiache sarafu karibu na kima. Hakucheka mara ya tatu. Akataka kila hadithi iishe Shavu akiwa ameadhibiwa au ameomba msamaha.

Naomba maoni. Nimwadhibu?

Bamba_Githurai

Nilipoona "kima" nikadhani ni uzi wa samosa. Nimekuja na pilipili yangu bure.

MamaWawili_Rongai

@Bamba_Githurai 😂😂 Si wewe tu. Mwanangu nikimwambia "tutaona kima" anauliza kama vitakuwa na dhania.

Mwanzilishi, usimwadhibu. Watoto wetu wanaadhibiwa hadi ndani ya vitabu? Mimi nilikua nikisoma Moses wa Barbara Kimenye, kijana mtukutu wa shule ya bweni, na sikumbuki funzo hata moja. Nakumbuka nilificha kitabu chini ya dawati la hesabu.

Mwl_Kasarani

Kaka, pole na hongera. Mimi nafundisha darasa la pili, acha niseme ambacho wenzangu hapa hawatasema.

Mhariri wako si adui. Kitabu kikitaka kuingia shuleni kinapita KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, na mtaala huu wa umilisi umetaja maadili kwa majina: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, uadilifu. Mchapishaji anajua pesa ziko kwenye vitabu vya shule, si vya kusomea kitandani. Akikuuliza funzo, anakuuliza nani atanunua.

Lakini kuna jingine. Mwaka juzi tulipeleka watoto kwenye bustani moja hapa mjini, kima akampokonya mtoto mkate na kumkwaruza mkono. Tukaenda hospitali, sindano za kichaa cha mbwa, mzazi analia, mimi nalia. Sasa wewe unataka kuwaambia watoto kima ni rafiki mwenye mashavu ya kuchekesha. Nani atakuwa nao pale watakapomnyooshea mkono?

Inama_TomMboya

Mwalimu, hilo la mkono limenikaa. Sikuwa nimelifikiria kabisa.

Hilo la maadili nalielewa, lakini niruhusu nibishe kidogo. Mimi niko na watoto Jumamosi nzima. Mtoto akiinama kwenye turubai langu hatafuti uwajibikaji. Anafungua katikati, anatafuta picha ambapo kitu kinaanguka. Kikianguka, anamvuta mzazi. Anayetafuta uwajibikaji ni mzazi, naye huusoma nyuma ya jalada, dakika moja, akiwa amesimama. Kwa hiyo mwandishi wa watoto ana wateja wawili, mmoja ameinama, mwingine amesimama. Yule mhariri wangu anamwandikia aliyesimama.

MzeeWaKibokoni

Salaam aleikum nyote. Mimi ni mtu wa Mombasa, ila miaka hii niko Pangani kwa mwanangu, na usingizi wa uzee ni mchache, kwa hivyo nasoma nyuzi zenu.

Kwanza nimalize hiyo ya samosa. Kima watatu hawa si ndugu. Kima mnyama ni neno la Kibantu, la zamani kabisa, tulilo nalo pamoja na makabila mengi. Kima cha kwenye samosa kimetoka Uhindi. Na kima cha chini cha mshahara, hicho kimetoka Uarabuni, maana yake thamani. Wamekutana mdomoni mwetu tu.

Pili, kijana, ni kima kweli unayemwandikia au ni tumbili? Nairobi mnasema "monkey" mnamaliza. Kima wa City Park ana shingo nyeupe kama aliyefungwa kitambaa. Tumbili uso mweusi, mwili kijivu. Mbega ana joho jeusi na jeupe. Nyani yule mkubwa, wa barabarani huko Voi. Komba hutoka usiku, analia kama mtoto. Ukimchanganya kima na nyani mbele ya mtoto wa pwani, kitabu atakurudishia.

Tatu, na hili ndilo lililonitoa kitandani. Wewe unauliza kama kima mtundu aadhibiwe. Bibi zetu hawakukuhadithia ile ya kima na papa?

Inama_TomMboya

Shikamoo, mzee. Ni kima, wa shingo nyeupe. Hiyo ya papa nilisikia nusu nusu nikiwa mdogo. Tuhadithie.

MzeeWaKibokoni

Marahaba mwanangu.

Palikuwa na kima na papa, wamefanya urafiki. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, kila siku akila anamwangushia rafikiye matunda majini. Siku moja papa akamwambia, twende kwetu nami nikukirimu. Kima akasema, sisi hatuingii majini. Papa akasema, nitakubeba mgongoni, hata tone halitakupata. Wakaenda. Walipofika katikati papa akasema, sasa nitakwambia kweli: sultani wetu ni mgonjwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima.

Kima akafikiri, akasema: "Ungeniambia tangu kule! Hujui kama sisi kima tukitembea huacha mioyo yetu mitini? Sasa ukinipeleka hivi nitafika sina moyo." Papa akageuka, akamrudisha. Kima akaruka juu ya mkuyu, akakaa kimya. Papa anaita, kima kimya. Mwisho akamjibu kwa kisa kingine, cha punda wa dobi, lakini hicho kirefu, nacho nakiweka.

Hadithi hiyo Askofu Edward Steere aliiandika Zanzibar, akaichapisha London mwaka 1870 pamoja na nyingine. India wanayo pia, ila kwao si papa, ni mamba. Jahazi huleta mengi.

Sasa nijibu, kijana. Kima alisema uongo au hakusema? Aliadhibiwa?

MamaWawili_Rongai

Mzee amefunga kazi.

Bamba_Githurai

"Nimeacha moyo nyumbani" nitaitumia Jumatatu kazini.

Mwl_Kasarani

Mzee shikamoo. Lakini kima yule alisema uongo kuokoa roho yake. Shavu anaiba pete ya bwana harusi. Si kitu kimoja.

MzeeWaKibokoni

Marahaba mwalimu. Hapo umenipata. Lakini bwana harusi mwenyewe alivua pete akaweka wapi?

Inama_TomMboya

Juu ya mwamba, apate kunawa mikono. Kosa ni lake.

Mzee, mimi sikujibu mapema kwa sababu nilikuwa nimekaa na simu nikisoma tena pale papa anapomchukua. Kima wa kile kitabu cha George anatiwa guniani, anavushwa bahari, na kitabu kinasonga mbele kana kwamba kule alikotoka hakuna mtu. Kima wetu naye amevushwa bahari, lakini moyo wake uko mtini, kwa hiyo lazima arudi. Binti yangu hajawahi kusikia hadithi ya papa, na bado ndicho alichokuwa anauliza. Mamake yuko wapi.

Msoma_Makadara

Nimepita tu, ila nina la kuongeza kuhusu hao waliomtunga George, maana tukimlaumu mtu tumjue.

H. A. Rey na mkewe Margret walikuwa Wayahudi wa Ujerumani, wote wa Hamburg. Mwaka 1940 walikuwa wanaishi Paris. Jeshi la Hitler lilipokaribia, mume aliunga baiskeli mbili kwa mikono yake kutokana na vipuri, wakatoroka mjini alfajiri ya Juni, siku chache kabla Wajerumani hawajaingia. Vitu walivyobeba ni vichache, na miongoni mwavyo ni michoro ya huyu kima. Wakapita Lisbon, Brazil, mpaka New York. Kitabu kikatoka mwaka uliofuata. Mwanzo kima hakuitwa George, aliitwa Fifi. Na Uingereza walimwita Zozo, kwa kuwa mfalme wao wakati huo alikuwa George, ingekuwaje kima aitwe jina la mfalme.

Kwa hiyo waliotunga walikuwa wakimbizi wenyewe.

Inama_TomMboya

Sikujua haya. Nimeuza kitabu hiki labda mara hamsini bila kujua.

Watu wawili wametoroka na baiskeli, ndani ya mfuko wana picha ya kima anayebebwa kwenye gunia na bado anatazama nje kwa hamu. Sijui nifanye nini na jambo hilo, acha likae hapa uzini tu. Nitamweleza binti akiwa mkubwa. Gunia bado silipendi.

Chora_Kwa_Mkaa

Mimi ni mchoraji, nimechora vitabu vinne vya shule (jina langu liko ukurasa wa pili kwa herufi za kuwatesa wazee). Mambo matatu kabla hujanipigia simu, maana najua utapiga.

Mkia. Kila mwandishi huja na sentensi "kima alining'inia kwa mkia wake". Hakuna kima wa Afrika anayening'inia kwa mkia, hata mmoja. Hao ni wa Amerika ya Kusini. Wa kwetu mkia ni wa kupima mizani akiruka. Na huyo George mwenyewe mtazameni vizuri: hana mkia kabisa, ila wanamwita kima.

Mikono. Kama ungemfanya mbega ungejuta. Mbega hana dole gumba la maana, kimebaki kinundu tu. Hangeokota sarafu. Tena mbega ni mla majani, ametulia kama mzee wa kanisa, wala si mwizi. Kima wa shingo nyeupe umechagua vizuri: vidole anavyo, mashavu anayo, na sura ya mtu aliyesingiziwa anayo.

Ndizi. Tafadhali.

Inama_TomMboya

Ndizi zimefanya nini tena?

Chora_Kwa_Mkaa

Kila kima wa kila kitabu duniani ameshika ndizi. Msituni kima anakula matunda ya mikuyu, majani machanga, maua, wadudu. Ndizi ni mambo ya watu.

Inama_TomMboya

Sawa, lakini hadithi yangu bora ina ndizi, na sitaitoa. Isikilizeni kwanza, kisha mnihukumu.

Shavu ameketi ukutani City Park, upande wa Limuru Road. Matatu ya kwenda mji wa Banana inapita polepole, makanga amening'inia mlangoni: "Banana hamsini! Banana hamsini! Banana!" Shavu analijua neno hilo, maana kila Jumapili watoto wa Parklands hulisema wakiwa wameshika kitu chake anachokipenda. Na hamsini pia anaijua, ni nyingi. Anaruka juu ya paa, kati ya gunia la viazi na godoro la mtu anayehama.

Gari linapita Gigiri. Ndizi hakuna. Linapita Ruaka. Majengo, majengo, mtu anauza miwani. Shavu anavumilia. Wanafika Banana yenyewe, makanga anapiga ubavu wa gari, watu wanashuka. Shavu anashuka. Anaona kinyozi. Anaona duka la dawa. Anaona mama wa mahindi choma, fundi wa viatu, kanisa la mabati linaimba. Anazunguka mji mzima wa Banana, na katika Banana yote hakuna ndizi.

Halafu anaona kibanda kimoja, na mkungu mzima unaning'inia. Anajaza mashavu yote mawili, anapanda juu ya mabati, anauma.

Ni za kupika.

Utomvu umemshika mdomo, mashavu hayafunguki, hawezi kulia wala kucheka. Mwenye kibanda anamwangalia kutoka chini. Anamwambia, "Sasa ungeniuliza."

Hapo ndipo nilipofika. Binti alilala kabla sijaamua anarudije.

Bamba_Githurai

"Ungeniuliza" 😂😂😂 Nimekuwa huyo kima. Nilipanda gari la Banana siku yangu ya kwanza Nairobi, nimetoka kijijini, nikidhani wanauza.

Chora_Kwa_Mkaa

Ndizi nimeikubali. Nitachora hiyo sura yenye utomvu bila malipo. HIYO TU.

Mwl_Kasarani

Nimecheka ofisini, mwalimu mkuu ameniangalia.

Na ona basi, kaka: utomvu umeshamwadhibu. Hukuhitaji askari wala msamaha.

MamaWawili_Rongai

Mwalimu, mimi nakataa kuita hiyo adhabu. Hiyo ni ndizi mbichi.

Mtembezi_Karura

Samahani kwa kuchelewa, leo tulikuwa na kundi msituni. Mimi huongoza wageni Karura. Nataka kurudi kwenye mkono wa yule mtoto wa shule, maana naona umerukwa kwa sababu ya vichekesho.

Kima anayempokonya mtoto mkate alifundishwa na watu wazima. Kima wa porini akimwona mtu anapanda juu, basi. Ukimpa karanga leo, kesho anazingoja, keshokutwa anazidai. Akizidai akauma, anaitwa kima mbaya, na mwisho wake mara nyingi si mzuri. Sisi kila siku tunawaomba watu wasiwalishe. Wanakubali kwa kichwa, mkono uko kwenye mfuko wa maandazi.

Kwa hiyo ombi langu moja kwa Shavu: asipewe chakula na mtoto yeyote, ukurasa wowote. Aibe akitaka. Kuiba ni kazi yake. Lakini asipewe.

Nyongeza: miaka kumi hivi iliyopita mbega waliletwa Karura kutoka Kipipiri, makundi kwa makundi, kwa sababu kule walikuwa wanagombana na wakulima. Hao pia walisafirishwa bila kuulizwa. Lakini waliletwa pamoja na jamaa zao. Sijui kama binti yako angekubali.

Inama_TomMboya

Nimemsomea ujumbe huu. Ameuliza kama na bibi zao waliletwa. Mtembezi?

Mtembezi_Karura

Mwambie walijitahidi kuhamisha familia nzima kwa pamoja. Bibi na wajukuu.

Inama_TomMboya

Amesema sawa.

Na ombi lako limekubaliwa, ndugu. Nimepitia daftari lote jana usiku. Kwenye hadithi ya tatu na ya saba kulikuwa na mtoto anampa Shavu maandazi. Nimewatoa. Ya tatu sasa mtoto ameficha andazi nyuma ya mgongo na Shavu yuko nyuma ya mgongo. Imekuwa nzuri kuliko mwanzo, niseme ukweli. Pale alipokuwa anapewa hakukuwa na hadithi, kulikuwa na chakula tu.

Wino_RiverRoad

Wadau mmeongea fasihi, sasa tuongee pesa. Mimi ni mchapaji, si mchapishaji. Tofauti: mchapishaji anakuambia funzo ni lipi, mimi nakuambia karatasi ni bei gani.

1. Usije na kurasa 27. Karatasi kubwa ya mashine ikikunjwa inatoa kurasa 16, ndiyo maana vitabu vya picha huwa 16, 24 au 32. Hadithi moja ya Banana ni 24, ukiweka picha kubwa.

2. Rangi ndiyo inayokula. Rangi zote hutokana na nne: samawati, zambarau-nyekundu, manjano na nyeusi, na kila moja ina bamba lake la kuchapia. Nakala 200 na nakala 1,000 mabamba ni yaleyale, kwa hiyo chache huwa ghali kwa kila kimoja.

3. Namba ya ISBN inatoka Maktaba ya Taifa, usiinunue kwa mtu wa mtandaoni.

4. Tangu sheria ya mwaka 2013 vitabu vinatozwa VAT ya asilimia 16. Weka kwenye hesabu kabla hujapanga bei, wengi hulia hapo.

Na kama una hadithi kumi na moja usichape kumi na moja. Chapa moja. Ikiisha, chapa ya pili.

Mwl_Kasarani

Usiache kuipeleka shuleni. Niletee nakala, nitawasomea darasa la pili saa ya mwisho Ijumaa. Hapo hakuna anayekagua maadili, wote tumechoka.

MzeeWaKibokoni

Kijana, swali dogo. Shavu ana mama?

Inama_TomMboya

Anaye, mzee. Tangu hadithi ya kwanza. Hakuna anachosema, yuko tu pembeni ya picha, juu ya mti, anakula. Kwenye hadithi ya tano Shavu amekalia mojawapo ya sanamu za pale kwenye kaburi la Joseph Murumbi, na mama yuko nyuma anamtoa chawa.

Nilimweka pale makusudi. Murumbi alikuwa makamu wa rais mwaka 1966, hakukaa sana, lakini mimi namheshimu kwa jambo lingine: alikusanya vitabu. Zaidi ya 8,000 vya zamani kuhusu Afrika, na viko ndani ya hilo jumba la Nyaraka. Mimi naviuza vyangu nje, chini, vyake viko ndani, kwenye rafu. Na mwenyewe amelala City Park, kima wanamrukia kichwani mchana kutwa. Nadhani hachukii.

MzeeWaKibokoni

Basi kama mama yupo, usibadilishe kitu. Usiku mwema.

MamaWawili_Rongai

Sasa jamani, arudi kutoka Banana vipi? Nimesimulia hapa nyumbani mpaka kwenye utomvu na wangu wawili wamekataa kulala. Mkubwa anasema mwenye kibanda ampe mafuta ya kupaka mdomoni. Mdogo anasema mamake aje na matatu ya pili.

Chora_Kwa_Mkaa

Mafuta ni sahihi, utomvu wa ndizi huoshwa kwa mafuta. Lakini Mtembezi amesema asipewe kitu.

Mtembezi_Karura

Nimesema chakula. Mafuta ya kupikia... ngoja nifikirie.

Bamba_Githurai

Aibe mafuta. Kazi yake.

Inama_TomMboya

Nimerudi. Nimemuuliza mwenye hadithi wakati anakunywa uji.

Amesema Shavu anaiba mafuta kwa mama wa chipsi, anajipaka uso mzima, mpaka anateleza kutoka kwenye mabati. Mama wa chipsi anamfukuza. Anapanda gari la mwisho la kurudi mjini, juu ya paa. Makanga anagonga mabati anadai nauli, Shavu anafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu mchana, na zile sarafu za hadithi ya pili zinamwagika zote. Makanga anazihesabu. Zinapungua shilingi tano.

Nikauliza, halafu?

Akasema mamake yuko ukutani City Park tangu asubuhi, na hiyo tano atalipa yeye. Kwa mbegu.

Wino, kesho saa nne niko kwako. Kurasa 24.